Uhakiki wa Nyumba Sita

Mwananyamala,
9 Juni

Mjomba wangu Mbwana,

Shikamoo. Mama anakusalimu, anasema ukifika hapa uitikie kwa sauti hata kama hakusikii. Sukari yake imeshuka kidogo tangu aache chai ya maziwa, ila magoti bado yanamtesa. Korosho ulizompa konda wa basi la Lindi zilifika salama. Nusu tumekula, nusu kampelekea jirani aliyelazwa.

Najua simu huiwezi tena. Tangu masikio yako yaharibike, kila nikikupigia unajibu swali ambalo sikuuliza. Kwa hiyo nitakuwa nakuandikia, na barua nitampa konda yuleyule.

Habari yenyewe ni kwamba nimepata kazi. Miaka miwili tangu nimalize chuo, mjomba, nilishaanza kuona aibu kupita mbele ya watu waliochangia ada yangu. Ni kampuni ya utafiti, ofisi yake iko ghorofani kule Sinza. Wametupa vishikwambi, tunaingia nyumba kwa nyumba kuuliza watu maoni yao juu ya uchaguzi wa rais wa Oktoba, na wanataka serikali ifanye nini miaka inayokuja. Maswali kumi na manne. Mie nimepangiwa Sinza kwenyewe, Kipawa, na upande wa Temeke.

Nilidhani watu watanifukuza. Kumbe watu wana maneno, walikosa wa kuwauliza tu. Sinza kuna mhudumu wa baa anaitwa Lulu, kaniambia yeye hampi kura mtu asiyejua bei ya nyanya. Tandika kuna mama mmoja mkaanga samaki, Tupokigwe, nilipomuuliza serikali imfanyie nini akasema imwekee taa pale kijiweni kwake, halafu isije tena. Mtoni nilimkuta mzee aliyenitajia mambo kumi na moja, nikayaandika yote, kisha akaniomba niyapunguze yabaki matatu ili asionekane mlalamishi.

Swali la mwisho ndilo nalipenda. Linasema: unaiona wapi nafasi ya serikali katika maisha yako miaka mitano ijayo? Wote wananyamaza kwanza, kama mtu aliyeulizwa habari za ndugu asiyepatana naye.

Msimamizi wetu anaitwa Rogers. Mtu mstaarabu, ananiita dada ingawa ni mkubwa kwangu. Amesema nikifanya vizuri huenda nikaajiriwa moja kwa moja. Niombee.

Mpwa wako,
Naima


Lindi,
27 Juni

Mpwa wangu Naima,

Marahaba. Mwambie mama yako nimeitikia kwa sauti mpaka kuku wa jirani wakakimbia.

Mie mzima, namshukuru Mungu. Nyumba inakuwa kubwa tangu mke wangu, shangazi yako, atutoke, lakini nimezoea. Asubuhi nakwenda kibarazani kwa wenzangu, wananiambia habari za uchaguzi kwa kupiga kelele sikioni, kwa hiyo mtaa mzima unajua nani anamtaka nani. Mie nimejiandikisha. Nimepiga kura kila uchaguzi tangu ujana wangu, hata enzi zile karatasi ilikuwa na jina moja, unachagua ndiyo au hapana.

Kazi ni kazi, nimefurahi. Ila nijibu haya. Hicho kishikwambi kinaandika jina la mtu? Kinaandika namba yake ya simu? Na mkishamaliza, nani anasoma?

Kama kuna mahali pa kujaza namba, paache wazi. Kama kuna mahali pa jina, andika la uongo. Na mtu akisema neno zito, usiliandike kwa uzito wake.

Usiniulize sababu. Ninazo, lakini si za kuandika.

Mpe mama yako pole ya magoti. Nimempa konda mafuta ya nazi, apake usiku.

Mjomba wako,
Mbwana


Mwananyamala,
20 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilikaa kwa konda siku tisa, alikuwa na msiba kwao. Mafuta yamefika, mama anayapaka na kuyasifia kuliko dawa za hospitali. Amejiandikisha naye. Kitambulisho chake cha mpiga kura anakihifadhi pamoja na kadi ya kliniki, anasema vyote viwili ni vya kupangia foleni.

Majibu yako haya hapa. Jina hatuandiki. Namba ya simu tunaandika, kwa sababu kila anayejibu anatumiwa vocha kidogo ya shukrani, na bila namba utaituma wapi? Kishikwambi nacho kinashika chenyewe mahali uliposimama, hilo mie sina uwezo wa kulizima. Nilimuuliza Rogers nani anasoma. Kaniambia majibu yote yanachanganywa huko mbele, kila mtu anageuka kuwa asilimia. Kwa hiyo ondoa wasiwasi. Lakini mjomba, mbona umeuliza kama mtu anayejua jibu?

Nikwambie nilichokutana nacho Jumanne. Nilikuwa Kipawa, pale ambapo ndege ikipita juu ya mapaa inabidi wote mnyamaze mpaka imalize. Nikaingia duka moja la vifaa vya ujenzi, la mzee Walid. Ni Mwarabu wa hapahapa, duka lilikuwa la babu yake. Akaniuliza mie binti wa nani. Nikasema Sadallah wa Mwananyamala. Kumbe alimjua marehemu baba, walicheza mpira pamoja. Basi akaniwekea kiti, mkewe Bi Wahiba akaleta kahawa na kashata.

Maswali kumi na matatu alijibu kwa utulivu, na la kumi alisema mwaka huu hapigi kura. Tulipofika la mwisho, hakunyamaza kama wenzake. Alisema hivi, na nimeandika neno kwa neno: "Nataka serikali inayoogopa kuniudhi. Mie nimeiogopa miaka hamsini, sasa tupokezane. Siku ya kura nitakaa hapa dukani, na kila atakayeniuliza nitamwambia kwa nini."

Bi Wahiba akamwambia apunguze sauti. Yeye akanitazama akasema, "Andika kama nilivyosema, binti Sadallah. Usinipunguzie." Nikamsomea nilichoandika, akaridhika. Namba yake akanipa huku anacheka, eti vocha atampa mkewe aongee na dada zake.

Nilitoka pale nikijisikia nimefanya kazi ya maana.

Naima


Lindi,
11 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimepokea.

Umeuliza mbona nimeuliza kama anayejua jibu. Mwaka huu mvua zilikuwa chache huku kwetu, mihogo imetoka midogo, mingi michungu. Bati la jikoni nimelifunga waya. Magoti ya mama yako yasiguse maji ya baridi.

Huyo mzee wa Kipawa, majibu yake umeshayapeleka? Kama bado, mpunguzie. Najua alikukataza. Mpunguzie hivyohivyo.

Na kazi hiyo iache, Naima. Sikuamrishi, wewe ni mtu mzima na umesoma kuliko sisi sote. Nakuomba. Njoo Lindi ukae na mie mpaka uchaguzi upite. Hapa kuna shule wanatafuta walimu wa hesabu.

Mbwana


Mwananyamala,
24 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, ila juzi alianguka bafuni. Hakuvunjika. Anatembea kwa kushika ukuta, na hataki nikwambie, kwa hiyo usimwulize.

Majibu ya mzee Walid yalishakwenda siku ileile. Kishikwambi kikipata mtandao kinatuma chenyewe.

Kazi sikuiacha. Usinikasirikie. Wiki iliyopita Rogers aliniita ofisini, akaniambia nimechaguliwa kuwa msimamizi msaidizi kwa kuwa watu wananipokea vizuri. Akasema kabla ya hapo kuna kazi ndogo ya uhakiki. Nirudi kwenye nyumba sita kati ya zile nilizoingia, niongozane na watu wawili wa makao makuu, waone kama kweli nilifika na sikujijazia majibu mwenyewe nikiwa nyumbani. Nikaona ni haki yao. Wapo wenzetu wanaojaza wakiwa kitandani.

Tulikwenda Alhamisi. Mmoja alijitambulisha kwa jina la Wilfred. Wa pili hakusema jina na sikumuuliza. Mashati safi, viatu safi, gari lao. Mie kazi yangu ilikuwa kuonyesha mlango na kusalimia.

Mjomba, hawakuuliza hata swali moja la kwenye fomu. Kwa Tupokigwe, yule mkaanga samaki, waliuliza kama anaishi peke yake. Kwa mzee wa Mtoni walitaka kujua watoto wake wanafanya kazi wapi. Kipawa walisimama dukani kwa mzee Walid, yule asiye na jina akazunguka nyuma, akarudi, akauliza mzee anaswali msikiti gani. Bi Wahiba akatuletea kahawa. Wilfred alikunywa. Mwenzake alikishika kikombe mpaka kikapoa.

Wakati wa kuondoka mzee Walid hakuwatazama wao. Alinitazama mie. Akasema, "Umefanya vizuri kuniletea wageni mchana, nimewaona sura." Kisha akarudi kwenye mizani yake ya misumari.

Wewe ulifanya kazi ofisini miaka mingi. Uhakiki huwa hivyo?

Naima


Lindi,
15 Septemba

Naima,

Nilikujibu tarehe thelathini Agosti kwa mkono wa konda. Nikaandika tena tarehe saba. Konda anasema zote kazikabidhi kwa mama yako. Jana nimekwenda stendi nikasubiri basi kuanzia adhuhuri, limefika bila barua.

Nilimwomba kijana wa dukani anipigie simu kwako, akasema inaita haipokelewi. Nikamwambia apige kwa mama yako. Kaongea naye, halafu akanipigia kelele sikioni kwamba mama anasema Naima yupo, ila haongei.

Sitaki habari ndefu. Andika neno moja tu, kwamba uko salama.

Mjomba wako,
Mbwana


Mwananyamala,
28 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Niko salama. Barua zako zote tatu ninazo. Nilizisoma nikaziweka chini ya godoro, nikashindwa kushika kalamu.

Mzee Walid kachukuliwa. Ilikuwa Jumatatu ya tarehe ishirini na tano Agosti, siku nne baada ya uhakiki, siku moja baada ya mie kukuandikia. Alikuwa anatoka msikitini baada ya swala ya alasiri, bado hatua hamsini afike dukani. Gari likasimama, wakashuka watu watatu, wakamwingiza. Muuza madafu aliona. Makubadhi yake yalibaki barabarani, moja huku moja kule. Mpaka leo hajulikani alipo. Binti yake Ahlam aliweka picha yake mtandaoni, ndivyo nilivyojua. Nilikuwa nakula. Nikatazama ile picha, nikaendelea kutafuna, maana mama alikuwa ananitazama.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa Rogers. Nilimwambia mmoja wa watu wangu katekwa. Akaniuliza watu wangu kivipi. Akasema, "Wewe uliuliza maswali tu, Naima, na kuuliza si kosa." Nikamuuliza kuhusu wale wawili wa uhakiki. Akaniuliza, "Wawili wepi?"

Nikamtajia Wilfred, nikamtajia gari, nikamtajia siku. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kubadilika uso. Kisha akafungua droo akatoa mkataba wa usimamizi msaidizi, jina langu limeshachapwa, akaniwekea na kalamu. Sikusaini. Lakini sikukataa pia. Nilimwambia nitafikiria, nikashuka ngazi.

Nyumbani nikafungua daftari langu ninamoandika majibu ya kila siku kabla ya kuyaingiza kwenye kishikwambi. Nikazitafuta zile nyumba sita. Wote sita walijibu swali la kumi kwa namna moja, kwamba mwaka huu hawapigi kura na wako tayari kusema kwa nini. Hilo tu ndilo lililowaunganisha. Mjomba, hawakutaka kujua kama nilifika kwenye nyumba hizo. Walitaka nikawaonyeshe milango.

Nimejaribu kuwaonya waliobaki. Tupokigwe sikumkuta, jiko lake halipo, wenzake wanasema karudi kwao Mbeya ghafla. Mzee wa Mtoni alinijibu dirishani, akasema yeye hakuwahi kuulizwa kitu na mtu yeyote, na nisirudi tena. Wengine watatu nimewaambia, wakanishukuru kwa adabu, wakafunga milango.

Kipawa sijafika. Nimekwenda mara mbili mpaka kona ya msikiti, nikageuka. Nitamwambia nini yule mama? Nimekunywa kahawa yake mara mbili.

Hukuniambia sababu zako. Sasa niambie.

Naima


Lindi,
4 Oktoba

Mwanangu Naima,

Marahaba. Barua hii naipeleka stendi mwenyewe, na konda nimemwambia aikabidhi mkononi mwako, si kwa mwingine.

Mama yako hajui nitakayokwambia. Shangazi yako alikufa bila kuyajua.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, karani wa masjala katika ofisi moja huku kusini. Kazi yangu ilikuwa kutunza mafaili. Nilisifiwa kwa mwandiko mzuri. Ulipokaribia uchaguzi, ule wa ndiyo na hapana niliokutajia, mkuu wangu aliniita akaniomba niwe ninamwandikia wafanyakazi wanazungumza nini wakati wa chai. Alisema serikali inataka kujua watu wanafikiri nini ili iwahudumie vizuri. Nilimwamini, au nilitaka kumwamini, kwa kuwa alinipa baiskeli ya ofisi niende nayo nyumbani.

Tulikuwa na mpima ardhi, Gaspar. Tulikula pamoja kila mchana, mkewe alifunga chakula cha watu wawili kwa ajili yangu. Siku moja Gaspar akasema karatasi yenye jina moja haimuulizi mtu kitu, inamhesabu tu. Nikaliandika. Niliandika vizuri, kwa nukta na mkato, na jina lake kamili juu.

Ijumaa moja wakamwita chumba cha mkuu, hakurudi mezani kwake. Mkewe alikuja masjala mara tatu. Alisimama dirishani pangu, akaniomba nimtafutie faili la mumewe ajue kahamishiwa wapi. Mara zote tatu nilimjibu kwamba faili halipo. Lilikuwa kwenye droo yangu, Naima. Mkono wangu ulikuwa juu ya droo nikimjibu.

Ndani ya faili kulikuwa na karatasi moja inayotaja alikopelekwa. Kama ningemsomea, angemfuata. Mara ya nne hakuja. Baadaye nilisikia amehama mji na watoto. Gaspar sikusikia habari zake tena, si za uzima wala za mauti. Mie nikapandishwa cheo mara mbili, nikastaafu kwa heshima, wakanipa saa ya ukutani.

Miaka arobaini nimejiambia kwamba sikujua watamfanya nini. Ni kweli sikujua. Lakini mkewe hakuja kuniuliza kama nilijua. Alikuja kuniuliza mumewe yuko wapi, na jibu nilikuwa nalo.

Wewe unalo jibu gani? Unazo sura mbili, unalo jina moja hata kama la uongo, unalo gari, siku, na daftari. Nenda Kipawa. Ukifika, usianze kwa kusema hukujua. Anza na ulichofanya, na ukimaliza usiombe kusamehewa, maana utakuwa unampa yule mama kazi nyingine. Akikufukuza, toka. Akikuuliza, jibu.

Nilikwambia uje Lindi. Leo sikwambii hivyo. Naogopa mno kukuandikia maneno haya. Mie sikwenda.

Mbwana


Kipawa,
23 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Utashangaa kuona naandikia Kipawa. Nalala hapa kwa siku kumi sasa, nitakueleza. Mama yuko kwa binamu yetu. Tulimhamisha baada ya Rogers kuja nyumbani, akidai anafuata kishikwambi. Alimsalimia vizuri, akamletea machungwa, akakaa saa nzima akizungumza habari za magoti. Mama akampa chai na kumwambia niliko. Hakuwa na sababu ya kutomwambia. Rogers hakuja huku. Ila tangu siku ile kuna gari linaegesha ng'ambo ya duka, linaondoka magharibi.

Nilikwenda siku ileile niliyopata barua yako. Duka lilikuwa limefungwa nusu. Bi Wahiba alikuwa amekaa kwenye kiti cha mumewe, Ahlam yuko kaunta. Nilibaki nimesimama. Nikasema mie ndiye niliyechukua maneno ya mzee nikayapeleka, na mie ndiye niliyewaleta wale watu wawili mpaka mlangoni. Nilisema hivyo, kisha ndege ikapita, ikabidi tunyamaze wote watatu tukitazamana mpaka imalize.

Ahlam alikuja mbele yangu nikajua atanipiga. Mama yake akamwambia, "Mwache. Huyu ndiye wa kwanza kuja kusema kitu." Akaniuliza mimi, taratibu, yule asiyekunywa kahawa alikuwa na sura gani. Nikamweleza. Aliniuliza mara nne, nikajibu mara nne. Hakunikaribisha kukaa, na sikukaa.

Ahlam alinipeleka kwa wakili, mwanamke mmoja wa Temeke anayefanya kazi hizi bila kelele. Niliandika maelezo kurasa saba. Daftari langu analo yeye. Majina ya wale watano tumeyaficha, langu tumeliacha. Wakili akanionya kwamba nikishasaini siwezi kurudi nyuma, akanipa siku ya kufikiri. Nilisaini palepale, maana niliijua siku ya kufikiri ingenifanya nini. Ombi limepelekwa mahakamani kutaka aliyemshika mzee amtoe au aseme alipo. Limepangwa kusikilizwa tarehe tatu Novemba, baada ya uchaguzi. Nitasimama niulizwe. Wakili akasema mpaka hapo nisilale kwetu, na Bi Wahiba akanitandikia mkeka chumbani kwa Ahlam.

Kituo cha polisi, Ahlam na mama yake walikokwenda kuripoti mwanzo, waliwaambia mtu mwenye jina hilo hawamjui na hawana cha kuandika, huenda mzee kaenda kuoa. Tumerudi na wakili. Safari hii waliandika, lakini waliandika kwamba familia inadai.

Sasa nikwambie ya jana.

Wamebandika orodha za wapiga kura kwenye ukuta wa shule. Bi Wahiba alisikia jirani anasema, akavaa buibui, akatuambia tumsindikize. Ahlam akamwambia mama yake kwamba baba alisema hapigi kura. Akajibu kwamba anajua alichosema, alikuwepo.

Watu walikuwa wachache, wanatafuta majina yao haraka na kuondoka. Askari mmoja yuko kivulini. Bi Wahiba macho yake hayaoni karibu, akaniambia nitafute. Nilishuka na kidole mpaka nikamkuta, Walid, na jina la baba yake, na la babu yake, na namba, na mtaa. Nikamshika mkono nikauweka pale.

Akaupapasa ule mstari. Kisha akasema, "Nisomee."

Nikasoma.

"Kwa sauti."

Nikasoma kwa sauti, majina yote matatu. Waliokuwa karibu wakageuka. Wengine wanamjua, wamenunua misumari kwake maisha yao yote. Mzee mmoja akavua kofia. Askari akaja akatuambia tumeshaona jina, tupishe wengine. Bi Wahiba hakuutoa mkono. Akamwambia yule askari, bila kugombana, "Wenzako wanasema hawamjui. Hapa mmemwandika. Nani kati yenu niende naye kwa hakimu?"

Askari akasogea ukutani. Alitazama lile jina, akanitazama mie niliyelisoma, akaniuliza naitwa nani.

Kidogo nigeuze uso, mjomba. Nikamwambia. Akatoa kijitabu mfukoni akaandika, na alipokosea nikamtajia herufi moja moja mpaka akapatia.

Mpwa wako,
Naima Sadallah